Refa wa Sebuleni

Fainali ilikuwa imefika dakika ya 88, bao moja kwa moja, konvertisa ilipotoa mlio mrefu: piiii! Kitinda mimba wangu akainua mikono. "Refa kamaliza!" Kaka yake akabisha kwamba zimebaki dakika 2, tena na nyongeza. Hawakufika mbali. Runinga ikazimika, PlayStation ikazimika, taa ya jikoni nayo ikafuata, na kwenye meza ya mke wangu simu 11 za majirani zikaacha kuchaji kwa pamoja.

Ngoja nianze mwanzo, maana lawama za nyumba hii zina ukoo mrefu.

Hapa kwetu Kindu tunaishi ng'ambo hii ya mto Lualaba, Alunguli tunaitazama kule ng'ambo ya pili, na umeme wetu tunauchota juani: pano moja juu ya bati, betri ya volti 12, na konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza volti 12 kuwa 220. Betri ni ya mke wangu. Aliinunua kwa faida ya mchele, na kila siku anachajia simu za mtaa, faranga 500 kwa simu. Sisi wengine ni wapangaji tu.

Mgeni aliyevuruga amani ni PlayStation 2 kuukuu, iliyoletwa na shemeji yangu kutoka Bukavu pamoja na diski ya Pro Evolution Soccer. Wanangu walikesha wakibadilisha majina ya timu. Tangu AS Maniema Union iingie hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/2025, nyumbani kwangu hakuna anayekubali kuitwa Barcelona. Mkubwa akawa Maniema. Mdogo akapewa jezi za njano, akawa Mamelodi Sundowns.

Tatizo lilikuwa kivuli. Katika mechi za mchana za mchezo ule, paa la uwanja linatupa kivuli kizito juu ya nusu ya nyasi. Mpira ukiingia humo, umekwenda. Mkubwa akifungwa analia kwamba hakuuona. Na mechi zao zilianza saa kumi alasiri, wakati jua linapopenya dirishani na kupiga kioo cha runinga usoni.

"Papa, hebu tusaidie."

Baba gani atakiri mbele ya wanawe kwamba hajui rimoti? Nikafungua menyu. Nikapandisha mwangaza kutoka 50 hadi 90. Kivuli kikafunguka, mpira ukaonekana, watoto wakapiga makofi. Lakini nywele za wachezaji zikawa za kijivu, kama timu nzima imestaafu, na uwanja ukapauka kama maji ya majivu. Nikadhani dawa ni kontrasti, nikaipeleka hadi 100. Hapo namba za migongoni zikayeyuka ndani ya weupe wa jezi.

Sikujua bado kwamba ule mstari unaoitwa mwangaza hauongezi taa hata kidogo: unainua weusi tu, mpaka weusi unasahau kuwa weusi. Kontrasti nayo inavuta weupe. Taa yenyewe, ile iliyo nyuma ya kioo, ina mstari wake peke yake chini ya menyu. Nilipoufikia nikausukuma hadi 100. Picha ikashinda jua la dirishani. Nikaitwa fundi, nikaenda zangu kuoga nikipiga mluzi.

Jua likazama saa kumi na mbili na ushee, kama linavyofanya kwetu mwaka mzima. Rimoti hakuna aliyeigusa tena. Runinga ikaendelea kuwaka gizani kama bado inapigana na jua, mpaka refa akapuliza.

Asubuhi majirani wakapanga foleni. Mwenye pikipiki alisema wateja wake wa alfajiri walipiga simu hewani. Mke wangu aliwarudishia faranga zao mmoja mmoja, bila kunitazama. Mchana nikala wali na sombe, sombe bila samaki. Samaki niliwaona kwenye sahani za wengine.

Shemeji, ambaye ni fundi redio, akaja na kipimo chake. Taa ya nyuma ikiwa 100, runinga ilikula wati 62. Ikiwa 30, wati 30. Mke wangu akahesabu kwa vidole: wati 32 kwa saa nne ni wati-saa 128, na simu kubwa moja inakunywa kama 20. "Simu sita," akasema. "Umewamulikia nyasi kwa simu sita za watu."

Akafunga kitenge dirishani. Jua likatoka kiooni, na bei ya kitenge kile ilikuwa sifuri. Kisha akaamuru mechi ya mchana ifunguliwe, mpira uwekwe kivulini. Mwangaza ukapandishwa polepole mpaka mpira ukaonekana, ukasimamishwa kabla nywele hazijaota mvi: 54. Kontrasti 80. Taa ya nyuma 30. Akaandika namba hizo kwa chaki ukutani, pembeni ya orodha ya wadaiwa wa mchele.

Fainali ilirudiwa Jumapili. Sundowns 3, Maniema 0. Mkubwa akaja jikoni akinung'unika kwamba taa ni ndogo. Akaomba nukta kumi tu, Mama, kumi tu.

Mama yake alikuwa anatwanga sombe, hakuinua kichwa. "Kumi ni simu moja. Leta mia tano."

Mtoto akanigeukia mimi. Nami nikageukia kitenge cha dirishani, nikakisifia maua yake.