Namna ya Kusikiliza Roki Yetu Ukiwa Fukayosi

Ukitaka kuisikiliza roki ya saikedeliki kwa heshima yake, usianzie London. Anzia Dar es Salaam, kwa bendi ya Sunburst. Vijana wengi wanaijua bendi ya Pink Floyd ya huko London kwa jina, na wengine wanavaa fulana yake, lakini ukiitaja Sunburst kijiweni pengine ataitikia mzee mmoja tu, tena atataka kwanza kujua jina hilo umelitoa wapi. Mzee huyo mpe kiti. Ndiye mwalimu wako.

Usithubutu kusikiliza ukiwa juu ya bodaboda. Barabara ya Bagamoyo kwenda Msata ina malori, na lori halina adabu mbele ya gitaa. Shuka kijijini Fukayosi, tafuta kivuli cha mwembe, kisha azima spika yenye besi ya kueleweka. Spika ya simu inakula besi yote, na bila besi muziki huu haujasimama.

Raundi ya kwanza acha maneno, fuata gitaa la Hembi Flory Kongo wa Sunburst. Katika roki ya namna hii, sauti ya gitaa husukumwa kupita uwezo wa mashine mpaka ncha zake zikatike. Ndiyo maana noti moja inakwaruza, inavuma na kugoma kufa. Kuna pia kanyagio la mguuni: ukilibonyeza na kuliachia, sauti inafunguka na kufumba kama mdomo wa mtu anayelalamika. Raundi ya pili msikilize mwimbaji wao, James Mpungo. Ya tatu ni ya ngoma peke yake, na hapo anayetaka kucheza ruksa.

Ila ukifika kwenye wimbo wao wa Enzi za Utumwani, kaa chini. Misafara ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo iliteremka kutoka bara kuja kuishia Bagamoyo, hapo jirani tu. Wimbo wenye jina hilo hausikilizwi huku mtu anamenya nanasi.

Sasa jambo ambalo lazima ulibebe kichwani wakati wote. Mwaka 1967 Pink Floyd walirekodi albamu yao ya kwanza katika studio za EMI, Abbey Road, wakiwa na mafundi wa kampuni pembeni na viwanda vya santuri nyuma yao. Bendi za kwetu zilikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi kwenye kanda ili kutangaza hewani. Kiwanda cha kufyatua santuri nchini hakikuwepo. Sunburst wakaifuata santuri Zambia, na albamu yao, Ave Africa, ikatoka mwaka 1976. Kumbuka pia kwamba mwaka 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulikuwa na Dar es Salaam ndani yake, alipiga marufuku muziki wa soul. Miaka michache tu baada ya amri ile, vijana hawa walichomeka magitaa kwenye umeme na kuimba Kiswahili juu ya mdundo wa roki. Kwangu mimi huo ni ujasiri, na hauna cha kuonea aibu mbele ya bendi yoyote ya Uingereza.

Waliokuja kuzikusanya rekodi za Sunburst za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya ni Strut, kampuni ya London, mwaka 2016. Nawashukuru kwa dhati, lakini kazi hiyo ilistahili kufanyika Dar.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatua ya mwisho ifanyie nyumbani. Ingia stoo ya babu, fungua kasha lile ambalo hakuna anayeligusa. Ukikuta santuri, isimamishe wima, iondoe kwenye jua, ifute vumbi kwa kitambaa laini. Na akija mtu na bei nzuri mlangoni, mwambie asubiri mpaka mzee aisikilize kwanza.