Sifa za Ila

Fundi cherehani ana tepu shingoni na pini tatu mdomoni. Mteja amefuata gauni la harusi ya Jumamosi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, habari za kazi?"

Fundi anazitoa pini mdomoni, moja moja. Dalili mbaya. "Nzuri tu mama. Kitambaa chako kizuri kweli, nimeshakikata, kimekaa vilevile ulivyotaka. Ila..."

Mama anavuta kigoda, anaketi. Hajaambiwa kitu bado, na ameshajua yote.

Hilo ndilo neno la kusifiwa. Herufi tatu tu, asili yake Kiarabu, illa, yaani isipokuwa. Kiswahili kina na ila nyingine, nayo ya Kiarabu lakini ya ukoo mbali, maana yake kasoro. Ndiyo ile ya methali kizuri hakikosi ila. Maneno mawili yasiyojuana yalikutana huku pwani yakavaa kanzu moja, na ya kwanza haifungui mlango ila ya pili iingie.

Wapo wanaolilaumu: kwa nini mtu asiseme lake moja kwa moja? Wajaribu wao. Salamu yenyewe imeshaziba njia. Hujambo ni kumuuliza mtu kwa kukanusha, kwamba hana jambo, na jibu lake ni sijambo. Mwenye homa hajambo, mwenye kesi mahakamani hajambo, aliyelala njaa kaamka salama. Mwanasosholojia wa Marekani, Harvey Sacks, alichapisha mwaka 1975 makala yenye hoja kwamba kila mtu hana budi kusema uongo, na mfano wake ulikuwa huohuo wa kuulizwa hali. Mswahili amepata pa kutokea. "Nzuri tu, ila mtoto amelazwa tangu juzi." Adabu imetimia, habari imefika.

Enzi za barua, ukurasa wa kwanza ulikuwa wa salamu: babu, shangazi, majirani wote, na mwandishi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Ada ya shule ilikaa chini kabisa, nyuma ya ila. Msomaji mzoefu alianzia huko. Ikaja simu ya mkononi na ujumbe wake wa herufi 160, nafasi zikihesabiwa, ikadhaniwa mambo yatanyooka. Aliyeachwa nje ni shangazi. Ila ikabaki. (Nairobi wana "ni vile tu", na kazi ni ileile.)

Inachelewesha, hilo halina ubishi. Mgonjwa atamweleza daktari habari za mafua, ataandikiwa dawa, ataaga, na mkono ukiwa kwenye kitasa ndipo aseme: "Ila daktari, kuna uvimbe hapa."

Lakini ipo simu ya alfajiri: "Mama yuko vilevile, ila we njoo." Aliyepigiwa haulizi zaidi. Anakata tiketi, anasafiri kutwa nzima moyo ukimwambia na yeye akiukatalia, mpaka anashuka na kuona maturubai uani na wajomba wamesimama kumpokea. Wangemwambia wazi, angelia peke yake katikati ya abiria.

Na gauni? "Ila mama, umeme ulikatika siku mbili." Lilipatikana Jumatatu.