Kimea cha Bure

Mtu akihama Ikwiriri haachi kitu cha maana. Kitanda anapakia, redio anapakia, hata ndoo yenye ufa inafungwa kamba juu ya keria. Kinachobaki ni paka na, kwa bahati yangu mimi, nusu gunia la kimea cha ulezi. Jirani yetu, mwalimu wa Kichagga, alikiotesha kwa ajili ya mbege ya kipaimara cha mwanawe. Barua ya uhamisho ikafika kabla ndizi za pombe hiyo hazijaiva. "Jirani, hiyo ni mali," akaniambia, akapanda basi.

Mali gani inayomtuma mwenyewe dukani? Kimea peke yake hakishibishi wala hakileweshi. Kazi yake ni kuuvunja wanga wa nafaka nyingine uwe sukari, kwa hiyo ili ukimalize lazima ununue hiyo nafaka nyingine. Na hakina haja ya wingi: kibaba kimoja kinatosha sufuria zima la uji. Piga hesabu ya nusu gunia, kisha uniambie unga wa kulilisha nautoa wapi. Kukiacha nako haiwezekani. Hewa yetu ya bondeni ina unyevu. Kimea kikiunyonya kinavunda, na fukusi hawangoji mwaliko.

Washauri nimepata wengi. Fundi pikipiki kutoka Songea anataka pombe ya komoni. Dereva wa lori, mtu wa Mbeya, kanieleza pombe yao ya kimpumu mpaka macho yakamlegea. Mgema mmoja kanicheka tu: tembo la mnazi halitaki kimea, unga wala kuni, linajichachia lenyewe mtini. Kweli, ila huyo hajawahi kuachiwa gunia.

Nyumba yangu ina mama mkwe, hajati asiyetaka pombe, kwa hiyo tukapika togwa. Uji ukiiva unautua, unausubiri upoe. Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri joto likiwa nyuzi 60 na kitu. Likipita sana 70 vinakufa, ubaki na uji wenye vumbi la ulezi. Kipimajoto chetu ni vidole. Mama mkwe akachovya, akasema bado. Wifi akachovya, akasema tayari. Wakabishana mpaka nikaogopa uji utapoa kabisa. Lakini nikiri hapo pana raha: unatia kimea, unakoroga, na mwiko uliokuwa umesimama wima unaanza kuinama, uji mzito unakuwa maji matamu bila chembe ya sukari ya dukani.

Raha hiyo ni ya leo. Kesho togwa lina ukakasi, keshokutwa linatoa povu, na baada ya hapo halijali kama mwenye nyumba ni hajati. Kila alfajiri mama mkwe anafunua mtungi, ananusa, ananitazama mimi. Basi tunakunywa kwa amri. Watoto wanakunywa, bodaboda wakipita wanaitwa, mgeni akiomba maji anapewa togwa.

Zamani za kivuko cha Ndundu ningelimaliza barabarani, maana abiria wa Lindi na Mtwara waliokwama wakingoja zamu hawakuwa na pa kwenda. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, mabasi yanapita yakikata upepo, na likisimama moja, abiria anataka soda ya baridi. Maendeleo hayakumfikiria mwenye kimea.

Juzi nikasikia mwalimu mpya kafika, naye Mchagga. Nikajaza ndoo kimea, nikaenda kumkaribisha kwa bashasha zote.

"Asante sana mzee," akasema, "ila mimi nimeokoka, mbege sigusi."

Nikamwambia hata togwa linatengenezeka.

"Togwa nakunywa sana tu." Akaitazama ndoo, akanitazama. "Unga umeleta?"