Kasoro Kuku Mmoja

Mama yangu ana kigoda cha miguu mitatu ambacho kimesafiri kuliko watu wengi wa kijijini kwetu. Kimefika Kisii mjini, Nyamira, Keroka na Sotik, na mara moja kilikwenda arusini Nakuru, kikarudi kimelegea mguu kwa sababu mjomba wa bwana arusi alikikalia akidhani kimeletwa kwa heshima yake. Kwetu kigoda hicho ni ngazi. Tangu magoti yaanze kumsumbua, Mama hapandi pikapu yangu mpaka kigoda kiwekwe chini ya mlango, akikanyage, ashike nguzo ya mlango, aite jina la Yesu, kisha ajirushe ndani. Mimi hukiokota, nikakitupa nyuma katikati ya mikungu ya ndizi, nikazunguka kwenda kwenye usukani. Tukifika, shughuli inaanza upya kinyumenyume.

Siku moja nilikisahau. Tulikuwa tumekwenda kwenye mazishi ng'ambo ya Kebirigo, na nilipofungua mlango Mama akatazama chini, akanitazama mimi, akafunga mlango. Alihudhuria mazishi yale yote akiwa ndani ya gari. Watu walipanga foleni dirishani kumsalimia, akaletewa soda, akaletewa sahani, na mchungaji alipomaliza mahubiri akaja kumwombea papo hapo. Njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. "Leo nimesalimiwa kama maiti wa pili," akasema.

Kesho yake nikaamua kununua vile vikanyagio vya pembeni ambavyo mafundi huviita saidistepu.

Gari langu ni Hilux ya kabini mbili, ya mkononi, refu kutoka ardhini kama ngamia. Nilijua jambo moja tu kuhusu stepu: zinatakiwa zikae kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa hiyo lazima upime. Sikuwa na futi ya fundi. Nikachukua kamba ya katani, nikainyoosha kutoka tairi hadi tairi, nikapiga fundo, nikakata, nikaitia nyuma ya kiti. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne jirani alimletea Mama jogoo. Kijana wetu wa nyumbani akatafuta kitu cha kumfungia miguu, akapekua gari, akapata kamba. Akakata kipande kinachomtosha jogoo, na kwa kuwa amelelewa vizuri, akapiga fundo upya mwishoni na kuirudisha nyuma ya kiti kama alivyoikuta.

Jumatano nikashuka Kisii mjini na kamba yangu mfukoni, mtu aliyejipanga.

Mwenye duka alinitolea aina mbili. Ya kwanza ilikuwa bomba la duara linalong'aa, ukilitazama unaona uso wako umenenepa. Ya pili ilikuwa ubao bapa wa alumini wenye utepe wa plastiki ya vinundu juu yake. Yeye alitaka nichukue bomba. Wenye magari wote wa maana, akasema, wanachukua bomba. Lakini mimi nimezaliwa milimani huku. Hewa ya Ziwa Victoria hupanda vilima vyetu na kugeuka mvua karibu kila alasiri, na kiatu cha Mgusii huwa kikavu kwa saa chache tu baada ya jua kutoka. Kiatu chenye tope juu ya bomba la duara ni kesi ya hospitali. Nikachukua ubao bapa. Huo ndio uamuzi wangu pekee wa akili katika hadithi hii, kwa hiyo naomba ukumbukwe.

"Na itaingia gari langu?" nikauliza.

"Mwalimu, hii ni yunivaso. Inaingia gari lolote."

"Hata Probox?"

Akasita kidogo. Probox kwetu ni gari ambalo viti vyake huhesabiwa kwa imani, na likishapakia huwa tumbo linakaribia lami. Ukiliwekea stepu litakuwa linatambaa. "Hata Probox," akasema, "lakini polepole."

Alikuwa na urefu wa namna mbili. Nikatoa kamba, tukaipima kwenye stepu ndefu, ikapelea. Tukaipima kwenye fupi, ikakaa kama imezaliwa hapo. "Kamba haisemi uongo," akasema mwenye duka. Alitaka shilingi 14,000, tukaumana mpaka 11,500, akanipa na soda.

Fundi wangu yuko Keroka. Keroka ni mji wenye kichwa Kisii na miguu Nyamira, au kinyume chake, kutegemea unamwuliza nani. Tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 pande hizo mbili zimevutana juu yake, hasa juu ya ushuru wa soko. Mimi sina upande. Nilichojua ni kwamba fundi alikuwa na mashine ya kuchomelea, drili, na turubai la kujikinga na mvua, na kwamba siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa ameketi bila kazi.

Tulifungua boksi. Ndani kulikuwa na mbao mbili, mfuko wa bolti na nati, breketi sita, na karatasi yenye picha ya gari ambalo sijaliona barabara yoyote ya nchi hii, maelezo yote kwa Kichina. Fundi aliigeuza karatasi, akaitazama kichwa chini, akamkabidhi kijana wake akawashie jiko la chai.

Kisha akaushikilia ubao ubavuni mwa gari, akanyamaza.

"Mwalimu, hii ni fupi."

"Haiwezi kuwa fupi. Nilipima." Nikaleta kamba. Tukainyoosha. Ilitoka tairi la mbele ikaishia katikati ya mlango wa nyuma, ikachoka. Hapo ndipo nilipoliangalia fundo. Mimi natumia mkono wa kushoto, na mafundo yangu huelekea kushoto. Lile lilielekea kulia. Nikampigia simu kijana wa nyumbani, akakiri mara moja kwa sauti ya mtu asiyeona kosa liko wapi: alikata kipande kidogo tu, cha kuku.

"Sasa imekuwa pungufu ya kuku mmoja," fundi akasema. Aliposikia kwamba Mama hukaa mbele, akafarijika. "Tutaisukuma mbele. Huyo kuku atabaki nyuma."

Ni lazima nieleze kidogo namna kazi hii inavyofanywa, kwa sababu nililala chini ya gari lile kwa saa nzima nikimulika tochi na sitaki elimu ile ipotee. Stepu iliyotengenezewa gari fulani hufuata matundu yaliyoachwa na kiwanda: unaweka bolti, unakaza, unakwenda nyumbani. Ya kila gari haina tundu lake popote. Breketi zake zina mipasuo mirefu ili bolti iteleze huku na huku ikitafuta pa kushika, na pasipopatikana, panatobolewa. Na pikapu ina mambo yake. Chini kuna chesi, vyuma viwili vinene vilivyoungwa kama ngazi, na juu yake kabini limekalishwa kwenye raba. Barabara ikiwa mbovu chesi inapinda kivyake na kabini linacheza kivyake. Kwa hiyo stepu ishike chesi peke yake. Ukiifunga nusu kwenye chesi na nusu kwenye kabini, ni kama mtu aliyeweka mguu mmoja mtumbwini na mwingine nchi kavu.

Fundi alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Alifunga breketi mbili kwenye chesi, akafika ya tatu, akaona tundu zuri, safi, la bure, kwenye kabini. Nikamwona akilitazama vile mtu anavyotazama mia mbili iliyoanguka njiani.

"Hilo ni la kabini, fundi."

"Lakini limejileta lenyewe."

Sikubishana, kwa kuwa wakati huohuo kijana wake alikuwa ameelekeza drili kwenye bomba jembamba linalopita ndani ya chesi, akiuliza kama ni la kazi yoyote. Lilikuwa la breki. Nilipiga kelele iliyowatoa watu kwa kinyozi wa jirani.

Saa tisa ikanyesha. Kwanza matone, kisha mvua ya mawe ikapiga mabati ya Keroka mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Umeme ukakatika. Drili ikalala. Tulikunywa chai iliyochemshiwa kwa maelezo ya Kichina. Umeme uliporudi ilikuwa saa kumi na moja na ushei, na fundi akarukia kazi kwa bidii ambayo sikuielewa mpaka nilipomwona akichungulia magharibi.

Fundi ni Msabato. Watu wengi wa kwetu ni Wasabato. Injili hiyo imekuwa Nyanchwa, pale Kisii, kwa zaidi ya miaka 100, nami ni mshiriki, ndiyo maana sikuweza hata kulalamika. Jua lilipogusa kilima, Sabato ikiingia, aliweka spana chini katikati ya mzunguko, akafuta mikono, akasema, "Sabato njema, Mwalimu."

Stepu moja ilikuwa imefungwa. Ya kulia.

"Fundi, Mama anakaa kushoto."

"Lakini mwenye gari ni wewe," akasema, kwa heshima kabisa. "Singeanza na abiria."

Stepu ya kushoto nilirudi nayo nyumbani imelala nyuma kwenye bodi, karibu na kigoda.

Asubuhi ya Sabato Mama alitoka amevaa nguo yake ya kanisani, Biblia kwapani, akalizunguka gari mara moja. Hakuuliza kitu. Alikwenda upande wenye stepu, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa. Ubao ulimfikisha sawasawa pale. Kuku alikosekana mbele kidogo tu ya tairi. "Twende," akasema, na mimi nikawa dereva wa kuajiriwa kwenye gari langu mwenyewe.

Kanisani palitokea mshtuko. Pikapu imefika, mama amekaa nyuma peke yake, kitambaa kichwani, mkono dirishani. Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia kabla hajatambua ni nani. Mama akasubiri. Nikasubiri nami. Kisha akagonga kioo kwa pete, nikashuka nikamfungulia mlango. Siku ile nzima wanakijiji waligawanyika makundi mawili: walioniuliza stepu ya pili imeibiwa wapi, na walioniuliza Mama anagombea kiti gani.

Jumapili fundi alimaliza upande wa kushoto. Breketi za upande huo zilikuwa na kona tofauti kidogo, kwa hiyo ubao ulikaa juu ya mwenzake kwa vidole vitatu. Alinionyesha kwamba ukiegesha gari kwenye mteremko, na kwetu wapi si mteremko, tofauti haionekani.

Kisha nikaanza kuliendesha. Nilipofika kwenye mashimo ya kwanza, lile tundu lililojileta lenyewe likaanza kuimba. Sauti ni ya mbuzi anayevutwa asikotaka kwenda. Wanafunzi wangu hunisikia nikiwa bado kwenye kona ya mto, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu naingia darasani na kuwakuta wote wameketi.

Halafu kuna tope, ambalo hakuna muuzaji anayelitaja. Gurudumu la mbele likizunguka hulirusha nyuma, nalo hutua juu ya stepu na kutulia hapo. Mtu akishuka bila kuikanyaga, kwa sababu ameona ni chafu, hulazimika kuivuka, na suruali yake huipangusa kwa nyuma, kuanzia goti hadi kisigino. Yeye mwenyewe hajioni. Nilimpeleka mwalimu mkuu mwenzangu kwenye mkutano Nyamira mjini akiwa na suti ya kijivu, na alisimama mbele ya wajumbe akatoa hotuba ya nusu saa. Alipogeuka kurudi kitini ndipo ukumbi mzima ulipoona amebeba udongo mwekundu wa Gusii nyuma ya miguu yote miwili.

Vijana nao waliona stepu wakaona usafiri. Mwaka 2004 kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ziliwashusha makondakta waliokuwa wakining'inia milangoni mwa matatu, lakini hazijafika kwenye njia ya kwetu ya kwenda sokoni. Siku moja niliendesha nikijiuliza mbona gari linavuta kulia. Nilipotazama kioo cha pembeni, vijana wanne wakanipungia.

Na Mama? Stepu ilikuwa ya msaada, ila magoti yake yalikataa kuifikia. Kutoka ardhini hadi kwenye ubao bado palikuwa parefu, hasa upande wake, ule wa vidole vitatu. Kwa hiyo sasa tunaweka kigoda chini, anakipanda kigoda, anapanda stepu, anaita jina la Yesu, anaingia. Kwa shilingi 11,500 pamoja na ufundi nimempatia ngazi ya kufikia ngazi. Kigoda kinaendelea kusafiri.

Kimo cha stepu ile, hata hivyo, si kibaya kwa mambo mengine. Jumapili iliyopita nilitoka na funguo mkononi nikamkuta ameikalia ile ya kushoto, miguu imenyooka, ungo mapajani, anachambua chinsaga. Mgongo ameuegemeza kwenye mlango wangu. Nikamwambia natakiwa Nyamira saa nne. Akautazama ungo, mboga hazijafika nusu.

"Omwana one," akasema, "Probox zipo."