Kinu Kwenye Korido

Mama mkwe alipokuja kututembelea alituletea kinu. Si vile vidogo vya kutwangia kitunguu saumu. Hiki kilifika magotini na kilibebwa na watu wawili. Mke wangu akakiweka kwenye korido "kwa muda tu". Waliooa wanajua muda huo huwa na urefu gani.

Saa nane usiku, nikielekea chooni, umeme ukakatika. Macho siyalaumu. Zile chembe za retina zinazoona gizani huhitaji kama nusu saa kuamka sawasawa baada ya taa kuzimika, na kibofu hakikuwa na nusu saa ya kuzisubiri. Nikaenda nikipapasa ukuta. Mikono ikawa salama kabisa. Kinu kilionwa na kidole kidogo cha mguu.

Mguu ulijirudi wenyewe kabla ubongo haujapata habari. Kazi hiyo ni ya ugwe mgongo, nao hauombi kibali makao makuu. Papo hapo ukaukakamaza mguu wa pili nisianguke, nikabaki nimesimama kama korongo, nimeng'ang'ania kitasa cha stoo.

Hadi hapo sina neno. Ninacholalamikia ni kwamba maumivu huja kwa awamu mbili. Ya kwanza hupita kwenye neva zilizovikwa ala ya mafuta, kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde: mchomo mmoja mkali, umekwisha. Ya pili hupitia nyuzi nyembamba zisizo na ala, zinazojikongoja kwa takribani mita 1 kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi kwenye ugwe mgongo ni kama mita moja. Piga hesabu mwenyewe. Karibu sekunde nzima mtu unajua kabisa kinachokuja, na huna pa kukimbilia. Unavuta pumzi. Unamkumbuka Mungu. Ndipo umivu la pili linapowasili, zito, linawaka, wala halina haraka ya kuondoka.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwapa wanafunzi kazi ya kutumbukiza mkono kwenye maji ya baridi kali. Waliokuwa wakitukana walivumilia muda mrefu kuliko waliotamka neno la kawaida. Sawa, lakini wale wanafunzi hawakuwa na mama mkwe nyuma ya mlango. Tusi langu lilikuwa limeshafika kwenye meno, na mdomo umeshafunguka. Ilibidi kitu kitoke.

"Shikamoo!"

Kimya. Kisha sauti kutoka chumbani: "Marahaba, baba. Kumekucha?"

"Bado, mama."

"Haya."

Nikakaa chini, nikasugua kidole. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za mguso zikifika kwenye ugwe mgongo huweza kuzifungia mlango zile za maumivu. Bibi zetu walikuwa wakitusugua siku zote bila kuandika popote. Kidole kikatulia. Moyo ndio uligoma: tezi zilizokaa juu ya figo zilikuwa zimeshamwaga adrenalini ya kumkimbia chui, nami nilikuwa na safari ya chooni tu.

Asubuhi, wakati wa chai, nikamsikia mama mkwe akimnong'oneza binti yake: "Hapa umepata mume. Saa nane usiku ananiamkia!"