Bingwa wa Alt na Tab

Ndugu mtumishi, wepesi wako tumeushuhudia. Mkuu akigusa tu kitasa cha mlango, vidole vyako vimeshatua kwenye Alt na Tab, karata zinatoweka, na bajeti ya robo mwaka inachomoza kana kwamba ilikuwepo tangu asubuhi. Hapo hata mpiga kinanda wa taarab angekuvulia kofia.

Ajabu ni vitufe vilivyobaki kukupa kigugumizi. Kunakili aya moja mpaka kipanya kizungushwe, menyu ifunguliwe, neno lisakwe, ilhali kwa Ctrl na C, kisha Ctrl na V, ungekuwa umeshamaliza. Larry Tesler, aliyebuni kata-nakili-bandika pamoja na Tim Mott huko Xerox PARC, California, miaka ya 1970, alifariki 2020. Heri hakukuona. Ukitafuta jina katika orodha ndefu, unashuka mstari kwa mstari na kidole kwenye kioo, na Ctrl na F ipo. (Kioo tutakifuta sisi, usijali.) Ukifuta aya kwa bahati mbaya unamwita fundi, anabonyeza Ctrl na Z, aya inarudi, anakunywa chai yako, anaondoka.

Ctrl na S ya kuhifadhi hatuisemi. Hiyo utaikumbuka umeme ukikatika.

Ila ukitoka, hebu funga kompyuta kwa kitufe cha Windows na L. Juzi uliacha barua pepe wazi, na sasa idara nzima inajua saccos wamekunyima mkopo.