Hesabu za Boksi
Mzazi wa Njiro, Arusha, anayeamua kumfundisha mwanawe hesabu nyumbani kabla ya darasa la kwanza, polepole na bila viboko, anastahili pongezi. Tatizo ni kwamba kabla hajahesabu naye hata vijiko, ameshaagiza mtaala kutoka Marekani, wenye matufaha ya plastiki ya kujumlishia. Wakati huohuo sokoni Kilombero nyanya zimepangwa mafungu, chenji inarudishwa bila kalamu, na ndizi za miteremko ya Meru zinateremshwa mkungu kwa mkungu. Kujumlisha, kugawa na kulinganisha vyote viko pale, tena bila ada ya usajili.

Atajibu kwamba soko si shule, na hapo hakosei. Mwaka 1985 watafiti waliowapima watoto wachuuzi wa Recife, Brazili, walikuta hesabu za biashara wanazipata kwa asilimia 98, lakini zikiandikwa kama tarakimu tupu wanaanguka hadi 37. Basi lazima awepo wa kumtoa mtoto kwenye fungu na kumfikisha kwenye tarakimu, naye ni mtu mzima mwenye subira. Bidhaa hiyo haisafirishwi kwa ndege. Hata Serikali, mwaka 2015, iliyapunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili ili Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kupate nafasi. Ila mtaala huo wa Serikali, maskini, haukuwa na picha za theluji, wala boksi la kuwaonyesha wageni juu ya kabati.